Ng'ombe wa familia yetu na mabadiliko ya tabianchi: niongeze mifugo au nipunguze?

Mkazi wa Tabata anauliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina jambo linalonisumbua kwa wiki tatu sasa, na nitalieleza kwa urefu kidogo ili atakayenijibu ajue nimesimama wapi.

Ninaishi Tabata, lakini nyumbani kwetu ni Kilindi, mkoani Tanga, ambako kaka yangu mkubwa anatunza ng'ombe wa familia wapatao 80, karibu wote wa asili. Mwezi uliopita alinipigia simu akaniomba mchango wa kununua mitamba 20, yaani majike machanga ambayo hayajazaa, kwa hoja kwamba mvua zimeotesha majani mazuri na kwamba fedha iliyolala benki haizai ndama. Nilikubali. Jioni ya siku hiyo hiyo binti yangu, aliye kidato cha tatu, alisogeza kando bakuli la mchuzi wa nyama, akaniambia kwa adabu kwamba hatakula tena nyama ya ng'ombe. Amesoma kwamba ng'ombe wanaharibu hali ya hewa kuliko magari yote, kwamba kilo moja ya nyama inatumia lita 15,000 za maji, na kwamba misitu mikubwa ya dunia inafyekwa kwa ajili ya malisho. Mama yake alitaka kumkaripia. Nilimzuia, kwa sababu sikuwa na jibu, na si haki kumnyamazisha mtoto kwa swali ambalo mzazi mwenyewe hawezi kulijibu.

Zaidi ya hayo, kuna niliyoyaona kwa macho yangu. Nilipokwenda Kilindi Septemba iliyopita, njia ya ng'ombe kutoka zizini hadi kwenye lambo ilikuwa imechimbika hadi usawa wa magoti yangu, na mizizi ya miti ya pembeni ilikuwa inaning'inia hewani. Kijito tulichokuwa tukioga utotoni kimekuwa mchanga mtupu. Kaka anasema ni ukame. Huenda ni kweli, lakini sikuridhika.

Kwa hiyo maswali yangu ni mawili. Je, anayoyasema binti yangu ni kweli kwa ng'ombe kama wetu, wanaokula nyasi za porini na wasiojua nafaka? Na fedha ile niitoe au nisiitoe?

Mtafiti wa Changanyikeni anajibu:

Ndugu, mpongeze binti yako, kisha msaidie kurekebisha mambo mawili matatu.

Hilo la "kuliko magari yote" lina asili yake. Mwaka 2006 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba mifugo inazalisha asilimia 18 ya gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani, zinazotokana na shughuli za binadamu, likasema kiwango hicho kinazidi cha usafiri wote duniani. Ulinganisho ule haukuwa wa haki: kwa mifugo walihesabu kila kitu tangu shamba la chakula chake hadi nyama inapouzwa, ilhali kwa magari walihesabu mafuta yanayochomwa tu. Mwaka 2013 FAO ilitoa makadirio mapya ya asilimia 14.5, na mwaka 2023 ikashuka hadi takribani asilimia 12. Hata hiyo 12 si ndogo, na sehemu yake kubwa ni ya ng'ombe.

Sababu iko tumboni. Ng'ombe anaweza kuishi kwa nyasi kwa kuwa tumbo lake la kwanza ni kama pipa kubwa la kuchachushia, lenye vijidudu vinavyovunjavunja nyuzi ambazo tumbo letu haliziwezi. Kazi hiyo huzalisha gesi ya methani, naye huitoa kwa kubeua. Methani haidumu angani kama kaboni dioksidi, kwani huisha katika miaka kama 12, lakini inapokuwapo inanasa joto kwa nguvu: kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja yake ni sawa na kilo 28 hivi za kaboni dioksidi, na kwa kipimo cha miaka 20 inazidi kilo 80.

Sasa tuhesabu ng'ombe wenu. Miongozo ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, inamkadiria ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa kuwa anatoa kilo 31 za methani kwa mwaka. Ng'ombe 80 watatoa kilo 2,480, ambazo kwa kipimo cha miaka 100 ni sawa na tani 69 za kaboni dioksidi. Daladala inayochoma lita 40 za dizeli kwa siku, siku 330 kwa mwaka, inatoa tani 35 hivi. Kundi lenu lote, basi, linachafua hewa kama daladala mbili. Ukitumia kipimo cha miaka 20, linakaribia daladala sita. Ninakupa vipimo vyote viwili kwa sababu kila upande wa mjadala huu huchagua kile kinachoupendelea.

Kuhusu maji, namba ya lita 15,000 ni ya kweli, lakini zaidi ya asilimia 90 ya maji hayo ni mvua iliyonyesha juu ya malisho na mashamba. Mvua ya Kilindi ingenyesha hata kama hapangekuwa na ng'ombe. Maji ya kutazamwa kwa makini ni yale yanayochotwa mtoni na kisimani, na ardhi inayopoteza uwezo wa kuyahifadhi, na hapo ndipo kijito chako kinapoingia.

Kuhusu misitu, binti yuko sahihi. Katika Amazoni ya Brazili sehemu kubwa ya ardhi iliyofyekwa imegeuzwa malisho ya ng'ombe. Utafiti wa Poore na Nemecek wa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kwamba ufugaji unachukua asilimia 83 ya ardhi ya kilimo duniani na kutupatia asilimia 18 tu ya nguvu ya chakula na asilimia 37 ya protini. Gramu 100 za protini ya nyama ya ng'ombe wa nyama zilikuwa na wastani wa kilo 50 za gesijoto, za kuku zilikaribia kilo 6, na za maharage na jamaa zake hazikufika kilo moja. Binti akikuomba kunde na mbaazi badala ya mchuzi wa nyama, usidhani ni deko.

Mwana wa Kiteto anajibu:

Nimesoma maelezo ya hapo juu kwa heshima, lakini hesabu hizi zikiachwa hivi zilivyo zinamgeuza mfugaji wa Simanjiro na Kiteto kuwa mtuhumiwa wa jambo linalomuua yeye kwanza. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Simanjiro ilipoteza makumi ya maelfu ya mifugo kwa ukame. Nilikuwa nyumbani likizo. Asubuhi tulikuwa tukiwanyanyua ng'ombe kwa mikono, watu wanne kwa ng'ombe mmoja, wawili mkiani na wawili kifuani, kwa sababu akilala usiku hakuwa na nguvu ya kusimama tena. Mama yangu alikata majani ya miti akayaloweka, akawa anamlisha ndama mmoja mmoja mkononi. Watu wale hawana gari wala umeme.

Mnalinganisha na nchi gani? Mmarekani mmoja anakula zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka. Sisi hatufiki hata robo ya hiyo. Ng'ombe wa mfugaji wa asili hali mahindi yanayohitajiwa na mtu. Watafiti wa FAO walionyesha mwaka 2017 kwamba asilimia 86 ya chakula cha mifugo yote duniani ni vitu ambavyo binadamu hawezi kuvila: nyasi, mabua, pumba, mashudu. Nyanda kame za nchi hii hazioti maharage kila mwaka, lakini nyasi zinaota, na chombo cha kugeuza nyasi kuwa maziwa ni ng'ombe. Tena kuku wa kisasa mnayemsifia anakula mahindi, soya na dagaa wa Ziwa Victoria. Dagaa hao ni kitoweo cha watu wasio na uwezo wa kununua samaki mwingine, nao wanasagwa kuwa chakula cha kuku anayeishia kwenye vibanda vya chipsi vya mjini. Hilo halimo katika kilo sita zenu.

Na mfugaji anajua kutunza nyasi. Wazee wetu wana alalili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Yanakufa kwa sababu ardhi inakatwakatwa kuwa mashamba, na njia za kuhama zinazibwa. Ng'ombe akizuiwa kuhama, atakanyaga mahali pamoja mpaka pawe vumbi.

Afisa Mifugo Mstaafu, Ukonga, anajibu:

Mwanangu wa Kiteto, umesema kweli tupu kuhusu kuhama, nami nina la kuongeza kwa sababu nimeishi katika mfano wake. Nilipelekwa Kondoa nikiwa afisa kijana mwishoni mwa miaka ya 1980.

Msioijua habari hii, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, kwa sababu vilima vya Irangi vilikuwa vimeliwa na makorongo kiasi kwamba udongo mwekundu ulikuwa ukimwagika kila masika na kuziba mabonde kwa mchanga. Walijenga matuta, wakapanda miti, haikutosha. Mwaka 1979 ukatolewa uamuzi mzito: mifugo yote, takribani 90,000, iondolewe katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nilipofika, nyasi zilikuwa zimefika kiunoni mahali ambapo picha za zamani zilionyesha udongo mtupu, na miti ilikuwa imechipua yenyewe kutoka kwenye visiki bila ya mtu kuipanda. Anayesema mifugo haiharibu ardhi, Kondoa inamjibu.

Lakini Kondoa inamjibu pia anayesema ondoeni ng'ombe mambo yataisha. Wale 90,000 hawakuyeyuka. Wengi walikwenda kwa ndugu na jamaa nje ya eneo, na mzigo ukahamia huko. Nyumba zilikosa maziwa, mashamba yakakosa samadi. Mama mmoja wa Haubi aliniambia kwamba watoto wake wadogo hawakuwahi kuonja maziwa ya nyumbani, ilhali wakubwa walikulia maziwa. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1989 hivi ng'ombe waliruhusiwa kurudi kwa sharti la kulishwa zizini, wachache, wa maziwa, majani yakikatwa na kuletwa.

Na Shinyanga ilipita njia tofauti, ambayo mimi naiona bora. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 haukuwafukuza ng'ombe. Uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili zao, ambazo ni jambo lile lile la alalili, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefunikwa tena na nyasi na miti. Mfugaji alitunza mti kwa kuwa ng'ombe wake aliuhitaji mwezi wa Oktoba.

Sasa nije kwako, ndugu wa Tabata. Suala la gesi unaweza kulipima kwa njia inayomfaa mfugaji zaidi kuliko daladala. Katika miongozo hiyo hiyo ya IPCC, ng'ombe wa maziwa wa Afrika anakadiriwa kutoa kilo 46 za methani kwa mwaka, akiwa na maziwa kilo 475 tu. Wa Amerika ya Kaskazini anatoa zaidi ya kilo 120, lakini maziwa yake ni kilo 8,400. Gawanya uone: wetu ni kama gramu 97 za methani kwa kila kilo ya maziwa, wa kwao ni gramu 15 hivi. Simaanishi ulete ng'ombe wa Amerika. Atakufa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, kabla hujamaliza kumlipia, na chakula chake kina gharama zake kwa mazingira. Namaanisha kwamba ng'ombe anayekaa miaka sita kabla ya kuuzwa, au jike linalozaa kila baada ya miaka miwili, au ndama wanaokufa kwa kukosa josho, wote wanakula na kubeua kila siku bila ya kurudisha kitu. Upotevu wa mfugaji na uchafuzi wa hewa hapa ni kitu kimoja.

Hebu umuulize kaka yako swali moja tu. Ng'ombe wa asili wa kilo 250 anahitaji kilo sita hivi za malisho makavu kwa siku. Mitamba 20, ikisha kukomaa, katika siku 150 za kiangazi itahitaji tani 18 zaidi ya zile zinazoliwa sasa. Tani hizo zitatoka wapi? Kama njia ya lambo imechimbika hadi magotini kwa ng'ombe 80, basi jibu lilikwisha kuandikwa ardhini kabla ya mimi na wewe kuzungumza. Majani mazuri ya msimu mmoja yasiwadanganye. Ng'ombe anahesabiwa kwa kiangazi, hahesabiwi kwa masika.

Mama Mfugaji wa Chanika anajibu:

Shikamoo mzee wa Ukonga, na ninyi wengine salaam. Mimi si msomi wa mambo haya, ila nina ng'ombe watatu chotara na nimejifunza kwa makosa.

Nilianza kufuga nikiwa Kinyerezi. Kila asubuhi nilikuwa nikisafisha banda kwa maji na kuyaacha yateremke bondeni, nikiona banda langu ni safi kuliko yote mtaani. Siku moja jirani wa chini, mzee wa makamo, alinichukua bila ya kugomba, akanionyesha kisima chake kifupi. Juu ya maji palikuwa na utando wa kijani. Akasema, "Binti yangu, usafi wako unaishia hapa." Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Bonde lile linaingia mto Msimbazi, na mvua zikija, uchafu wote wa mabondeni unakwenda Jangwani hadi baharini. Tunapozungumzia gesi za angani tusisahau samadi ya mjini, kwa sababu shambani ni mbolea, lakini mahali pasipo na shamba ni sumu.

Nilipohamia Chanika nilijengewa mtambo wa biogesi. Wa kwanza ulijengwa vibaya: kuba lilipata ufa, gesi ikawa inavuja, nikakaa miezi minne nikidhani ng'ombe hawatoi samadi ya kutosha. Baadaye fundi mwingine alimwaga maji ya sabuni juu ya kuba, mapovu yakaanza kuchemka kwenye ufa kama uji. Ninalisema hili kwa mkazo, kwa sababu gesi inayovuja ni ile ile methani aliyoieleza ndugu wa Changanyikeni, na mtambo unaovuja unaweza kuwa na madhara kuliko samadi iliyoachwa ikauke juani. Sasa umezibwa. Kila alfajiri ninachanganya ndoo mbili za samadi na ndoo mbili za maji, ninakoroga kwa mkono mpaka mabonge yaishe, ninamimina. Mwali wake ni wa buluu, hauna moshi, na unaivisha maharage ya watu saba. Zamani nilikuwa ninachoma gunia moja na nusu la mkaa kwa mwezi. Sasa gunia linanichukua miezi mitatu, kwa ajili ya kuchoma samaki tu. Tope linalotoka upande wa pili ninalimwagia majani ya tembo, na majani hayo ndiyo chakula cha ng'ombe.

Lakini jambo hili linawezekana kwa ng'ombe wanaolala bandani. Kilindi, samadi yenu imesambaa porini, na kuna maji ya kuchanganyia? Msijenge mtambo kwa kusikia sifa.

Mkazi wa Tabata anarudi:

Nawashukuru sana, na shikamoo mzee. Niliyasoma majibu haya kwa sauti mezani, binti akiwa na kalamu. Alipofika kwenye tani 18 aliandika hesabu upya mwenyewe, akaona ni sahihi, akanitazama bila ya kusema neno.

Nimempigia kaka. Nilianza na swali la mzee kama lilivyo, na kwa dakika nzima simu ilikuwa kimya. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kiangazi kilichopita walikufa ng'ombe 11, naye alionea aibu kunieleza. Mitamba ilikuwa ya kufidia hao. Tumezungumza kwa saa nzima. Fedha ile haitanunua ng'ombe. Tumekubaliana kuzungushia uzio wa miiba sehemu ya bonde iwe ngitili, kwa ridhaa ya serikali ya kijiji na majirani, kwa kuwa malisho si yetu peke yetu; kulipia chanjo na dawa ya josho kwa kundi zima; na kuuza maksai wanane wenye umri mkubwa. Njia ya lambo tutaigeuza ipite kwenye mwamba.

Binti bado hali nyama ya ng'ombe, nasi hatumlazimishi. Jana alikula mbaazi za nazi, na mdogo wake akamfuata. Ndugu wa Kiteto, ameniomba nikuulize: alalili hufungwa miezi gani, na nani anayeilinda?

Mzee, swali langu la mwisho: hao maksai niwauze lini?

Mwana wa Kiteto anajibu:

Mwambie mdogo wangu kwamba inafungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa malisho ya mbali yanapoisha, mara nyingi kuanzia Agosti. Wanaoingia kwanza ni ndama, wagonjwa na majike yanayonyonyesha. Wanaolinda ni wazee wa eneo, na anayeingiza ng'ombe wake kwa siri hutozwa faini ya mfugo. Lakini inalindwa zaidi na vijana wachungaji, kwa hiyo nao washirikishwe tangu siku ya kwanza ya uzio.

Afisa Mifugo Mstaafu, Ukonga, anajibu:

Wauze Juni au mwanzoni mwa Julai, masika yakiwa yamewanenepesha na kabla wafugaji wote hawajakimbilia mnadani na ng'ombe waliokonda. Ukiwaleta mnadani Pugu mwezi wa Oktoba utakuwa umewalisha miezi minne ya bure, na kila siku ya miezi hiyo watakuwa wamekula nyasi za majike yako yenye mimba. Na wale 11, mwambie kaka asione aibu. Aandike tarehe na sababu ya kila kifo katika daftari, tangu mwaka huu.